Benchi la Tatu la Prince Mungin

Kama uliwahi kuingia Kanisa la Nebo, hapa kwetu Savannah, ukakaa benchi la tatu upande wa kulia, basi ulishakutana na Lucius Mungin, na huenda hukufurahi. Alikujia polepole, mikono nyuma, akainama na kukuuliza kwa adabu kama umekiona kile kibati cha shaba kwenye pembe ya benchi. Ukakitazama. Kimeandikwa: Prince Mungin, mwanzilishi, 1874. Lucius alikungoja umalize kusoma, halafu akakungoja uhame.

Kibati chenyewe alikinunua yeye, akakipigilia yeye, na kila Jumamosi alikuja na kitambaa akakisugua yeye. Siku hizi anayasimulia haya bila kubanwa na mtu, na huanza kujicheka kabla hujaketi vizuri. Wakati ule hakuwa mtu wa kucheka. Alikuwa amepeleka barua kwa miaka thelathini na minne, akastaafu, akajipa kazi ya kuwa mwanahistoria wa kanisa. Hakuna aliyempigia kura. Ilitokea tu kwamba hakuna mwingine aliyeitaka.

Prince alikuwa baba wa babu yake. Alipakia mbao kwenye meli hapo chini mtoni, na jina lake ni la kwanza katika wale kumi na wawili walioanzisha Nebo. Hayo ni kweli. Mengine Lucius aliyaongeza kidogo kidogo, kama unavyoongeza maji kwenye mchuzi wageni wakizidi. Prince mwenye uso mkavu usiojua mzaha. Prince ambaye akiingia kanisani watoto wananyamaza. Prince ambaye hakuwahi kukosa ibada wala kukosea neno. Ukimwuliza amejuaje sura ya mtu asiye na hata picha moja, anakiri kwamba alikuwa akijitazama kwenye kioo asubuhi wakati wa kunyoa, basi anamwona.

Kila sikukuu ya kanisa alipanda mimbarini kusoma historia yetu. Ilikuwa ya robo saa. Prince alikula dakika tisa.

Sasa lazima nikwambie habari ya dirisha, maana bila dirisha hutaelewa kwa nini Lucius alikosa usingizi. Mwaka 2014 tuliweka dirisha la vioo vya rangi upande wa mashariki, chini yake majina ya wazee waliotumikia Nebo. Dada Odessa Bolden aliomba jina la babu yake, Isaiah, liwemo. Odessa ndiye karani wa kanisa, na kabla yake alikuwa baba yake, na kwenda nyuma hivyo hivyo mpaka July Bolden, karani wa kwanza. Jumapili ndiye anayesimama mlangoni na glavu nyeupe akigawa mapepeo ya mkono. Hakuna aliyeona tatizo na ombi lake, isipokuwa Lucius.

Lucius alisimama na karatasi mkononi. Alikuwa amechimbua kwamba mwaka 1931 Isaiah Bolden alitengwa na kanisa kwa kupiga piano kwenye ukumbi wa dansi, na kwamba alikufa bila kurudi kundini. Kisha akapendekeza kanuni: jina la mtu aliyekufa nje ya ushirika lisiandikwe kwenye ukuta wala dirisha wala jiwe lolote la Nebo. Aliisoma kwa sauti ya taratibu kama anakabidhi barua ya kusainiwa. Watu walikuwa wamechoka na njaa imewauma, wakainua mikono ili waende kula. Kanuni ikapita. Isaiah akaachwa nje ya dirisha.

Odessa aliandika kila neno kwenye kitabu, akafunga kalamu. Ila tangu Jumapili iliyofuata, Lucius akifika mlangoni alipewa pepeo moja tu, lile lile, lenye tangazo la kampuni ya mazishi iliyokufa yenyewe zamani, kijiti kimelegea na kichwa kimefungwa kwa mpira wa kufungia karatasi. Ukijipepea nalo mara tatu linageuka nyuma likakupiga sikio. Lucius alilipokea miaka kumi na kusema asante. Alidhani mapepeo yamepungua.

Mwaka jana, mwaka wa mia na hamsini wa kanisa, bwawa la ubatizo chini ya mimbari lilianza kuvuja. Mafundi waling'oa mbao za sakafu, na huko chini wakakuta kopo kubwa la bati la biskuti, na ndani yake kitabu. Kilikuwa kitabu cha kwanza cha mikutano ya Nebo, kuanzia 1874 hadi 1899, ambacho sote tuliambiwa kiliungua. Mchungaji Ravenel alifurahi, maana tulikuwa tunaagiza jiwe la marumaru la kuwekwa mlangoni, lenye majina ya waanzilishi kumi na wawili. Fundi wa mawe alitaka majina Jumamosi ya pili ya Mei, siku ya mkutano wa kanisa. Na kwa kanuni ya Lucius, kila jina lilipaswa kwanza kuthibitishwa kwamba mwenyewe alikufa akiwa mshiriki.

"Nani atakisoma?" Mchungaji aliuliza, na kabla hajafunga mdomo Lucius alikuwa ameshasimama.

Kitabu kilipelekwa kwenye chumba cha nyaraka za mji kikaushwe. Lucius alienda huko Jumatatu akiwa amevaa suti ya mazishi na glavu nyeupe alizoazima kwa mashemasi. Mtunza nyaraka, dada mmoja mwembamba aitwaye Marguerite Dasher, alimtazama mikono.

"Vua hizo, Bwana Mungin."

"Nimeona kwenye televisheni wanavaa."

"Kwenye televisheni hawafungui karatasi za miaka mia na hamsini. Ukivaa glavu huhisi kitu, utaichana. Kanawe mikono, ukaushe, uje."

Akaenda kunawa kama mtoto anayeitwa mezani. Aliporudi alipewa penseli, maana kalamu ya wino ni marufuku mle, na kitabu kikawekwa mbele yake juu ya mto. Mwandiko wa July Bolden ulikuwa mdogo na wa kulala upande, kama nyasi zilizopigwa na upepo. Bibi Dasher mwenyewe alisema hangeweza kusoma zaidi ya mistari miwili bila kuumwa kichwa. Lucius alisema yeye amesoma bahasha za madaktari miaka thelathini na minne, asimhofie.

Alimkuta Prince ukurasa wa kwanza, wa kwanza kabisa katika orodha. Alitaka kumwonyesha Bibi Dasher lakini alikuwa kwenye simu. Akaendelea, akiwatafuta wale kumi na wawili mmoja mmoja walivyokufa. Huyu alikufa katika ushirika. Huyu naye. Siku ya tatu alifika mwaka 1883, Jumamosi ya pili ya Mei, akasoma hivi:

"Ndugu Prince Mungin ameletwa mbele ya mkutano kwa kosa la kucheka kwa sauti kanisani wakati Shemasi Bacote akiomba. Ameulizwa kama anajuta. Amesema anajaribu. Amepewa mwezi mmoja."

Lucius alidhani ni Prince mwingine. Akafungua mwezi wa Juni.

"Ndugu Prince Mungin ameulizwa tena kama anajuta. Amecheka tena."

Na Julai: "Prince Mungin ametengwa na kanisa." Mara hii hakuitwa Ndugu.

Lucius alisoma kurasa zote tatu upya akitafuta alichocheka Prince, kama kwamba kikiwa kikubwa kosa litapungua. Karani hakuandika. Alipekua haraka haraka mbele mwaka mmoja, miwili, mitano, aone kama alirudi kundini. Hakurudi. Waanzilishi wengine kumi na mmoja aliwakuta humo wote wamekufa katika ushirika. Basi akafunga kitabu na kumwambia Bibi Dasher amemaliza, ingawa zilibaki kurasa sitini.

Nyumbani, mkewe Verdell alikuwa anakaanga kaa waliosagwa ndani ya magamba yao. Lucius alisimama mlangoni mwa jikoni bila kuvua koti.

"Kuna nini? Umefiwa?" Verdell aliuliza.

"Prince alitengwa."

"Prince yupi?"

"Verdell. Ni Prince yupi mwingine nimewahi kumtaja humu ndani?"

Alimweleza. Verdell alizima jiko ili asikie vizuri. Alipofika kwenye "amesema anajaribu", Verdell alikalia kiti na kujifunika uso kwa taulo la jikoni, na Lucius akadhani analia.

"Miaka arobaini na mbili," Verdell alisema alipopata pumzi. "Miaka arobaini na mbili unanikanyaga mguu kanisani nisicheke. Ati ukoo wa Mungin hawacheki nyumbani mwa Bwana."

"Sasa si mzaha. Jumamosi napaswa kutoa majina. Kwa kanuni yangu, Prince haendi kwenye jiwe."

"Kwa kanuni ya nani?"

"Yangu."

"Rudia kidogo, sijasikia na huu moshi."

Lucius alikula kaa wawili bila kuwaonja. Baadaye alisema, kama mtu anayeongea na sahani, kwamba ule mwandiko hakuna mwingine awezaye kuusoma. Akitaja majina yote kumi na mawili hakuna atakayemwuliza. Jiwe litachongwa, Prince atakuwa wa kwanza, na kitabu kitarudishwa kabatini kilale miaka mia mingine.

"Kweli," Verdell alisema. "Kwani ulipokuwa unapeleka barua, mbaya ulizitupa?"

Hapo ndipo alipomshika. Lucius ana makosa mengi, na nimekutajia machache tu, lakini miaka thelathini na minne hakuwahi kuficha barua ya mtu. Alipeleka hati za kufukuzwa nyumba, talaka, na zile bahasha za jeshi ambazo mama akiziona tu anakaa chini kibarazani. Alizipeleka zote kwenye milango ya wenyewe. Usiku ule alijigeuza kitandani akiona aibu, na aibu yenyewe haikuwa ya Prince. Alikuwa anaiona ile karatasi ya mwaka 2014 mkononi mwake na jinsi alivyojisafisha koo kabla ya kuisoma.

Jumamosi mchana tulikuwa watu kama arobaini. Mapanka ya dari yalizunguka bila kuleta upepo, kama kawaida yake. Odessa alikuwa mlangoni, akampa Lucius pepeo lake lenye mpira, halafu akaenda kukaa kwenye meza ya karani. Kitabu kilikuwa pale mezani, kimerudi kutoka chumba cha nyaraka ndani ya sanduku la kijivu. Lucius aliketi benchi la tatu. Alitamani kukaa kwingine lakini hakuwahi kujua viti vingine vikoje.

"Ndugu Lucius," Mchungaji Ravenel alisema, "tupe majina kumi na mawili."

Lucius alisimama. "Ninayo kumi na moja."

Watu wakaangaliana. Aliwaambia yote, bila kuongeza maji. Alipotaja kosa lenyewe, kicheko cha mtu mmoja kilisikika nyuma kikageuzwa haraka kuwa kikohozi. Lucius alisema kanuni ni kanuni, na aliyeitunga ni yeye, na kwa hiyo jina la Prince Mungin likatwe. Akabaki amesimama, pepeo limegeuka nyuma mkononi.

Odessa hakuinua macho. "Karani anaomba kuhakiki," alisema.

"Huo mwandiko mgumu, Dada Odessa," Lucius alisema. "Bibi Dasher mwenyewe umemshinda."

"Biblia ya nyumbani kwetu imeandikwa na mkono huu huu. Nimejifunzia kusoma humo."

Lucius hakuwa amelifikiria hilo. Hebu waza: angedanganya siku ile, angedanganya mbele ya mtu pekee katika mji mzima anayeweza kuusoma mwandiko wa July Bolden kama gazeti. Mpaka leo akifika hapa kwenye hadithi anajipiga paji la uso.

Odessa alinawa mikono kwenye sinki la chumba cha nyuma, akaikausha, akafungua kitabu. Alisoma Mei, Juni na Julai ya 1883 kwa sauti ile ile anayosomea matangazo ya ugonjwa na mazishi. Halafu hakusimama. Aliendelea kufunua taratibu, ukurasa kwa ukurasa, zile sitini ambazo Lucius aliziruka, nasi tukangoja kwenye joto. Mwishowe kidole chake kilisimama.

"Jumamosi ya pili ya Novemba, 1898," alisoma. "Prince Mungin amefariki Alhamisi. Alikuwa nje ya ushirika. Hakukosa Jumapili hata moja miaka kumi na mitano. Amezikwa vizuri, watu walikuwa wengi. Kiti chake cha mlangoni kimebaki kitupu."

Kanisa zima liligeuka kutazama benchi la nyuma kabisa, lile la karibu na mlango ambako tunarundika makoti na miavuli. Kisha likageuka, polepole, kutazama benchi la tatu na kibati chake kinavyong'aa. Lucius alikuwa amesimama pembeni yake kama askari aliyelinda nyumba siyo.

Odessa alikuwa bado anasoma, lakini sauti yake ilianza kuyumba. "Karani anaandika hapa kwamba siku ile ya maombi, yeye naye alicheka. Ila alikuwa ameinamia kitabu, na hakuna aliyemwuliza."

Aliinamisha kichwa juu ya ukurasa, na tukaona mabega yake yanatikisika. Mimi nimemfahamu Odessa Bolden tangu shule, na sikuwahi kumwona akicheka mle ndani, si kwenye harusi, si siku ile Shemasi Golphin alipotumbukia bwawani na viatu. Alikuwa anacheka. Alikuwa ameinamia kitabu vile vile, mkono mdomoni, machozi yanadondoka mbali na karatasi kwa sababu hata hapo alikumbuka kusogeza uso. Lucius alimtazama, akatazama benchi lake, akatazama pepeo. Akalielewa pepeo. Miaka kumi, na ndipo alipolielewa. Kicheko kikampanda, akajaribu kukizuia kwa kukaza uso wa Prince, ule wa kwenye kioo, na ndio uliomaliza kazi. Alicheka mpaka akashikilia kibati cha shaba asianguke.

Mchungaji Ravenel alingoja mpaka tukanyamaza. Ni mtu anayependa utaratibu. "Ndugu Lucius," alisema, "kwa desturi ya zamani ya kanisa hili, mtu wa damu anaweza kumwombea radhi marehemu, naye akarudishwa kundini. Unaomba? Kwa niaba ya Prince Mungin, unajuta?"

Lucius alijifuta macho. "Kwa hilo la Prince, Mchungaji, nikisema najuta nitakuwa nadanganya, na watu hawa wameniona. Lakini liko langu." Alimgeukia karani. "Dada Odessa. Dirisha lile. Babu yako alipiga piano tu. Nilikunyang'anya jina lake kwa sababu nililipata kwenye karatasi na nikafurahi kulipata. Hakukuwa na sababu nyingine. Najuta."

Odessa hakuwa anacheka tena. Aliinua uso.

"Baba yangu aliishi miaka mitatu baada ya dirisha lile," alisema. "Tisini na tano. Kila Jumapili alinitaka nimkalishe upande ule, akasoma majina yote kwa kidole, moja baada ya jingine. Macho yalikuwa yamekwisha, akadhani yeye ndiye halioni la baba yake. Aliniuliza liko mstari wa ngapi, Lucius. Nikamwambia wa nne."

Hakuna aliyejipepea. Lucius aliliweka pepeo lake juu ya benchi.

"Najuta," alisema tena. "Sina zaidi ya hilo, Odessa. Ningekuwa nalo ningekupa."

"Nimesikia," Odessa alisema.

Lucius ndiye aliyependekeza kanuni ifutwe. Verdell aliunga mkono kabla hajamaliza sentensi. Mikono iliinuka yote, na safari hii hakuna aliyekuwa anafikiria chakula. Prince Mungin alienda kwenye jiwe kama alivyokuwa, bila kurudishwa kundini na bila kuombewa radhi na mtu, na ikaamuliwa kioo kimoja cha chini kwenye dirisha kibadilishwe, liingie jina la Isaiah Bolden. Odessa alisema liwe mstari wa nne.

Watu walipokuwa wanatoka, Lucius alibaki. Alikuwa na tabia, na tulimvumilia kwayo miaka yote, ya kwenda kwenye meza ya karani baada ya mkutano kusahihisha kilichoandikwa. Tarehe, vyeo, koma. Odessa alimgeuzia kitabu kipya bila kuombwa na kumpa kalamu. Wino ulikuwa bado mbichi.

"Ndugu Lucius Mungin ameulizwa kama anajuta," kiliandikwa. "La kucheka, hapana. La dirisha, ndiyo. Karani naye alicheka, na alionekana."

Lucius aliisoma mara mbili akitafuta kosa. Halafu akatia sahihi, akachukua koti lake, akaenda kuondoa miavuli kwenye benchi la mlangoni.